Pima kabla ya kulipia kasi: intaneti isiyo na waya na dunia pepe, Kisii na Nyamira

Leo nina jambo ambalo wauzaji wa intaneti huku kwetu Gusii pengine hawatalifurahia. Wengi wa wanaoniletea malalamiko kwamba mtandao wao ni mbovu hawana upungufu wa kasi. Wanachokosa ni utulivu. Hata hivyo kila wakipiga simu kulalamika huambiwa dawa ni moja: panda kifurushi, lipa zaidi. Wanalipa, na shida inabaki palepale.

Wanaoumia zaidi ni vijana wanaoingia kwenye dunia pepe. Kwa msomaji mgeni, naita dunia pepe zile programu ambamo unaingia ukiwa na mwili wa kuchorwa, yaani avata, ukatembea, ukaongea na ukajenga vitu pamoja na watu walio mbali nawe. Second Life ilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Roblox ikafuata mwaka 2006. Kuna VRChat, kuna seva za Minecraft, na nyingine nyingi. Wapo wanaozitumia kupoteza muda, sikatai. Lakini wapo pia wanaojenga humo na kulipwa. Roblox, kwa mfano, ina utaratibu wa kumbadilishia mjenzi sarafu za humo ndani zikawa dola.

Sasa swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: mbona YouTube inacheza vizuri kabisa, lakini nikiingia dunia pepe natupwa nje baada ya dakika kumi?

Jibu lake ndilo msingi wa makala hii, kwa hiyo tulichukue polepole.

Video ni kama nyumba yenye tangi la maji. Mfereji ukikauka kwa nusu saa, wewe unaendelea kuoga na kupika, hujui hata kama maji yalikatika. YouTube inapakua sekunde nyingi za mbele na kuziweka akiba, kwa hiyo mtandao ukipotea kwa sekunde tatu huoni chochote. Dunia pepe haina tangi. Haiwezi kukuwekea akiba ya hatua atakayopiga mwenzako baada ya sekunde tano kwa sababu bado hajaipiga. Kila kitu lazima kifike sasa hivi.

Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta tulifundishwa njia mbili za kutuma data, TCP na UDP. TCP ni kama barua ya kutiwa sahihi: isipofika, inatumwa tena. UDP ni kama kumwita mtu ng'ambo ya bonde: akisikia vizuri, asiposikia basi. Programu nyingi za dunia pepe hutumia UDP kwa mambo ya papo kwa papo kama mwendo wa avata, kwa kuwa habari ya mahali ulipokuwa sekunde mbili zilizopita haina faida tena. Ndiyo maana kipimo chake ni tofauti. Kasi, yaani megabiti kwa sekunde, si ya kwanza. Vya kwanza ni vitatu: muda wa kwenda na kurudi, ambao wachezaji huuita pingi, kuyumba kwa muda huo, na idadi ya pakiti zinazopotea njiani.

Roblox wenyewe wanashauri megabiti 4 hadi 8 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, kifurushi cha 20 au 40 hakikusaidii kutotupwa nje.

Sasa niwape mfano wa nyumbani. Binamu yangu anaishi upande wa Kebirigo, Nyamira. Alimaliza kidato cha nne, hakupata karo ya chuo, akajifundisha kujenga kwenye Roblox Studio. Ameingia katika timu ya watu wanne, wengine wako nchi nyingine, na wanajenga mradi mmoja kwa pamoja. Tatizo lilikuwa kwamba kila jioni alitupwa nje kwa ujumbe wa kosa namba 277, ambao maana yake ni kwamba mawasiliano na seva yamekatika. Wenzake walianza kumwona mtegaji. Aliambiwa wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo watatafuta mtu mwingine.

Mama mdogo alipiga simu kwa wanaowauzia intaneti. Akaambiwa apande kutoka megabiti 10 hadi 20. Pesa ya kupanda ilitoka kwenye bonasi ya chai, ile inayolipwa mara moja kwa mwaka na ambayo kila shilingi yake huwa imeshapangiwa kazi kabla haijafika. Alilipa kwa miezi miwili. Kosa 277 halikuondoka.

Nilipofika huko sikugusa kifurushi. Nilifungua kompyuta nikaanza kupima. Hata wewe unaweza, huhitaji digrii. Katika Windows fungua dirisha la amri, kisha uandike:

ping -n 100 192.168.1.1

Hiyo ni anwani ya ruta katika nyumba nyingi; yako ikiwa tofauti, amri ya ipconfig itakuonyesha. Kompyuta itatuma pakiti 100 hadi kwenye ruta iliyo humo humo nyumbani. Kisha rudia kwa 1.1.1.1, ambayo ni anwani ya Cloudflare huko nje. Mwishowe andika tracert 1.1.1.1 uone vituo vyote vya njiani. Kituo cha kwanza ni ruta yako, na kinachofuata kwa kawaida ni cha muuzaji wako. Kipime pia kwa ping peke yake. Vituo vingine vimewekwa visijibu, hilo lisikutishe. Angalia tu pakiti zimeanza kupotea wapi, na kama kupotea huko kunaendelea hadi mwisho wa njia.

Nyumbani kwa mama mdogo, karibu na ruta, hakuna pakiti hata moja iliyopotea. Lakini binamu yangu halali nyumba kubwa. Yeye ni kijana mkubwa, ana esaiga yake, nyumba ya kijana, ng'ambo ya uwanja karibu na migomba. Nilipopima kutoka esaiga hadi kwenye ruta, pakiti 14 kati ya 100 zilipotea, na zile zilizofika nyingine zilichukua milisekunde 3 na nyingine zaidi ya 400. Hapo intaneti bado hata haijaguswa! Hasara yote ilikuwa ndani ya boma, katika mita zisizozidi 30. Megabiti 20 za bonasi ya chai zilikuwa zinafika salama kwenye ruta, kisha zinamwagika uwanjani.

Na huku kwetu sababu zipo tele. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la televisheni. Esaiga ina ukuta wa mabati upande unaotazama nyumba kubwa, na mabati ni chuma, hurudisha mawimbi ya redio yalikotoka. Katikati kuna migomba, na majani yaliyojaa maji hunyonya mawimbi. Watu husema mvua ndiyo inayoharibu waifai. Kwa masafa ya gigahezi 2.4 na 5, matone yenyewe hupunguza kidogo sana kwa umbali wa boma. Kinachopunguza zaidi ni majani yaliyolowa, na vilevile stima inayoyumba kila mvua inaponyesha, ruta ikazima na kuwaka. Kwa setilaiti ni habari nyingine, kwa sababu masafa yake ni ya juu zaidi na mvua nzito huyagusa kweli.

Walio mjini Kisii wana adui tofauti. Katika ghorofa za Mwembe, Jogoo au Daraja Mbili, kila chumba kina ruta yake, na zote zinapiga kelele kwenye gigahezi 2.4. Masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukiwa na majirani 20, hesabu mwenyewe. Hapo hamia gigahezi 5, ambayo haivuki kuta vizuri lakini ina nafasi nyingi zaidi. Ukikaa chumba kimoja na ruta, hutajuta. Na kama kompyuta yako ina tundu la waya wa mtandao, chomeka waya na umalize ubishi.

Kwa esaiga tulihitaji waya, lakini hapa nawaombeni sana mnisikilize. Usivute waya wa shaba kutoka nyumba moja hadi nyingine huku Gusii. Hizi ni nchi za radi, kila mtu anamjua mtu aliyepoteza ng'ombe au televisheni, na wengine wamepoteza ndugu. Waya wa shaba kati ya majengo mawili ni njia ya kuleta radi hadi kwenye kompyuta na hadi kwa anayeishika. Sisi tulivuta faiba. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, ila chagua ile isiyo na uzi wa chuma pembeni, kwa sababu nyingi za kutundika huwa nao. Kila upande tukaweka kigeuzi kidogo cha kubadilisha mwanga kuwa mawasiliano ya waya wa kawaida, na ndani ya esaiga tukaweka ruta ya pili kuukuu. Gharama yote haikufika tofauti ya vifurushi ya miezi sita. Mama mdogo akarudi kwenye megabiti 10.

Tukapima tena kutoka esaiga: pakiti 100 zimetumwa, 100 zimerudi.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na ni vizuri isiishie, kwa sababu wengi hurekebisha kosa moja, wakakutana na la pili, wakadhani la kwanza limerudi. Jioni pingi iliruka kutoka milisekunde 40 hadi karibu 900, kisha ikashuka, kisha ikaruka tena. Pakiti hazikupotea, zilichelewa. Huo ni ugonjwa ambao Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, aliupigia kelele sana kuanzia mwaka 2010: foleni iliyofura. Simu ya dada yake binamu ilikuwa inapakia picha na video kwenda hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia ni nyembamba, kwa hiyo ruta ikapanga pakiti zote za picha kwenye foleni ndefu, na pakiti ndogo ya avata ikasimama nyuma yake. Ni kama mtu mwenye kitita kimoja cha sukuma kusimama dukani nyuma ya anayenunua bidhaa za jumla.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu iitwayo CoDel ya kuzuia foleni zisirefuke, na mbinu zilizozaliwa nayo zimo ndani ya OpenWrt, programu huria ya ruta. Unaiambia ruta kasi yako halisi, ukipunguza kidogo, tuseme asilimia 85 au 90 ya unachopima, nayo inapanga foleni kwa haki. Unapoteza kasi kidogo, unapata utulivu mwingi. Kama ruta yako haina uwezo huo, basi weka simu zipakie picha usiku wa manane. Hilo halihitaji fundi.

Wanaotumia Second Life wana kipimo humo humo ndani. Bonyeza Ctrl, Shift na 1 kwa pamoja, utaona safu ya takwimu yenye pakiti zinazopotea na pingi ya seva. Pia katika mipangilio punguza kiwango cha juu cha mtandao. Wengi huvuta kile kitufe hadi mwisho wakidhani wanaharakisha, kumbe wanajaza foleni wenyewe.

Kuna sehemu ya tatizo ambayo hakuna ruta itakayoiondoa, na ni haki kuisema. Seva za Second Life zilihamishiwa Amazon mwaka 2020, upande wa magharibi wa Marekani. Kutoka Kisii hadi huko ni zaidi ya kilomita 14,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 140, hata kama kebo ingenyooka kama rula. Nazo hazinyooki. Zinashuka Mombasa, zinapita Bahari ya Shamu hadi Ulaya au kuzunguka kusini, ndipo zivuke Atlantiki. Mapema mwaka 2024 kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika, Afrika Mashariki nzima ikahisi. Siku kama hizo usimlaumu fundi wa mtaani.

Hata hivyo tumetoka mbali. Kabla SEACOM haijawashwa Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya nje ilipanda setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na milisekunde 500 zilikuwa kawaida. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti za chini, takribani kilomita 550, ndiyo maana pingi yake inavumilika. Kwa walio nyuma ya ukingo wa Manga, au bondeni ambako mlingoti hauonekani, ni njia ya kufikiria. Lakini nayo inataka anga wazi. Ukiifunga chini ya mikaratusi itakukatikia kila setilaiti inapopita nyuma ya mti.

Umbali nauvumilia, kwa sababu pingi ya 280 isiyoyumba mtu huizoea. Mkono unajifunza kuwahi. Kinachomtoa mtu nje ya dunia pepe ni kuyumba na kupotea. Na baada ya kurekebisha boma la mama mdogo, kuna kilichobaki: kati ya saa moja na saa nne usiku, kituo cha kwanza cha muuzaji kilikuwa kinapoteza pakiti chache kila siku. Tuliandika namba za wiki nzima, saa na tarehe, tukawapelekea. Jibu lilikuwa: zima ruta, iwashe tena.

Hapo ndipo ninapokasirika, wasomaji wangu. Mabango yote ya intaneti kuanzia Keroka hadi Suneka yanataja namba moja tu, megabiti. Hakuna hata moja linalokuambia pingi ya kawaida ya saa mbili usiku au pakiti ngapi hupotea. Ni kama kuuziwa gari kwa kuambiwa spidi yake ya juu tu, bila kutajiwa breki. Na mlingoti mmoja ukigawanywa kwa wateja wengi kuliko unavyoweza kubeba, kuuza vifurushi vikubwa zaidi kunaongeza msongamano uleule unaolalamikiwa.

Marekani, tangu Aprili 2024 kwa kampuni kubwa na Oktoba mwaka huo kwa ndogo, tume yao ya mawasiliano inalazimisha kila muuzaji wa intaneti kuonyesha kibandiko, kama kile cha pakiti ya unga, chenye bei, kasi na ucheleweshaji wa kawaida. Kwa nini sisi tusiwe nacho? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo. Mamlaka ya Mawasiliano ina uwezo wa kudai kibandiko hicho, na mimi ningeongeza mstari mmoja ambao Wamarekani hawana: pakiti zinazopotea saa za jioni. Muuzaji mdogo wa mtaani anayefanya kazi nzuri atafaidika zaidi, kwa sababu leo hana njia ya kuonyesha kwamba megabiti zake 8 ni bora kuliko 30 za jirani.

Najua kuna atakayesema, huo ni mchezo wa watoto, kuna mambo makubwa zaidi. Hapana. Dunia pepe ni kipimo kikali tu cha ugonjwa unaompata kila mtu. Pakiti zilezile zikipotea, mwalimu wa Nyansiongo anakatika katikati ya somo la mtandaoni, mgonjwa anashindwa kumsikia daktari kwenye simu ya video, na kijana anayejibu simu za wateja wa ng'ambo anapoteza kazi bila kuelezwa sababu. Video ya YouTube haitakuonyesha hilo. Avata iliyoganda itakuonyesha.

Kwa hiyo kabla hujaongeza shilingi moja mwezi huu, pima kwanza. Pakiti 100 hadi kwenye ruta, 100 hadi kwa muuzaji, 100 hadi nje, mara moja asubuhi na mara moja saa mbili usiku. Zikipotea nyumbani, rekebisha nyumbani. Zikipotea kwa muuzaji, mpelekee namba zako kwa maandishi, na usikubali aifanye kasi kuwa jibu la swali ambalo hukuuliza.

Binamu yangu bado yuko kwenye ile timu. Saa nyingine za jioni anatupwa nje, lakini sasa anajua ni upande gani, na wenzake wameziona namba.